Ngazi Sita za Ghala la Korosho

Funguo za jumba nimezikabidhi wiki tatu zilizopita. Zilihesabiwa moja moja mbele yangu, kana kwamba nilikuwa na mpango wa kurudi kuiba picha. Kofia ya kazi nimebaki nayo, kwani hakuna aliyeiulizia. Siku ya kuniaga, ninyi mnaobaki na kazi ya jumba mliniomba niwaandikie uzoefu wangu wa kuwapokea wageni, hasa wale ambao miguu yao au macho yao hayapatani na majengo ya watu. Uzoefu ni neno la heshima, lakini ukilifungua ndani unakuta makosa yamepangwa moja juu ya jingine. Basi nitaandika lile kubwa, na yaliyolitangulia, na yaliyolifuata. Mengine mtajifunza kwa kukosea ninyi wenyewe.

Kabla ya kuwa jumba la sanaa, jengo lile lilikuwa ghala la korosho la ushirika, na mimi ndiye niliyekuwa mtunza stoo. Jina langu ni Saidi, lakini watu wa rika langu hapa Kibiti mpaka leo wananiita Bwana Stoo. Sakafu ya ghala ilijengwa juu, usawa wa kiuno cha mtu mzima, ili lori likirudi nyuma bodi yake ije sawa na mlango, mpagazi avuke na gunia bila kuinama. Kwa korosho lilikuwa jengo la akili sana. Kwa binadamu ziliwekwa ngazi sita pembeni, nyembamba, hazina pa kushika. Aliyezijenga aliwaza mpagazi mwenye mzigo kichwani, na mpagazi wa namna hiyo hana mkono wa ziada.

Halafu mambo yakawa ruksa. Wanunuzi binafsi wakaingia na mizani zao mpaka shambani, ushirika ukanyong'onyea, na msimu mmoja ghala likabaki na panya, popo na mimi. Wenzangu walipunguzwa kazi. Mimi niliachwa, na sijawahi kuambiwa kwa nini. Nadhani ni kwa kuwa funguo zilikuwa mfukoni mwangu na hakuna aliyetaka kuja kuzichukua.

Ndipo akaja Bi. Kidawa. Alikuwa amefundisha uchoraji shule za sekondari miaka mingi, akastaafu, akakataa kupumzika. Alikuja na barua ya halmashauri na ahadi ya wafadhili kwamba ghala litakuwa jumba la sanaa ya leo. Nilimuuliza sanaa ya leo ni ipi.

"Ni ile ambayo aliyeifanya bado yu hai, anaweza kukuuliza umeionaje," akanijibu.

Akaniajiri nilinde picha na kuwapokea wageni. Siku yangu ya kwanza katika kazi hiyo mpya alinikalisha mbele ya picha moja kubwa, akaniambia nimweleze ninachokiona. Nikamwambia naona rangi.

"Rangi gani? Ziko wapi? Zinafanyana nini?"

Nikasema nyekundu iko kushoto. Akasema endelea. Alinishikilia pale mpaka ikaadhiniwa adhuhuri, jasho linanitoka kuliko siku za kupakua lori. Ndiye aliyenifundisha kumwelezea mtu picha kuanzia kushoto kwenda kulia bila kutamka neno "nzuri". Kumulika ubao uliochongwa kwa tochi ya pembeni ili mikato yake ionekane. Na kusimama nyuma ya mgeni badala ya kumsimamia usoni. Hayo yote mnayafanya sasa na mnadhani ni ya kawaida. Yalitoka kwa mwanamke mmoja mkali aliyevaa viatu vya kiume.

Mgeni wangu wa kwanza asiyeona alikuwa Mzee Ngulangwa wa Ngorongo, aliyekuja kumtembelea binti yake aliyeolewa hapa mjini. Nilimshika mkono nikamvuta ngazini. Akasimama ngazi ya pili.

"Bwana, wanivuta kama mbuzi wa Idi," akasema. "Niachie. Nipe kiwiko chako, mimi ndiye nikushike. Ukipanda nitajua umepanda, ukisimama nitajua umesimama. Mdomo wako ufanye kazi ya kunieleza picha tu."

Ndani, Bi. Kidawa aliruhusu anawe mikono apapase sanamu ya mwanamke wa mninga, ambayo kila mtu alikuwa akiisifia usoni. Mzee akaipapasa taratibu, kichwa mpaka nyayo, mbele na nyuma. Mwisho akasema, "Fundi huyu alichoka alipofika mgongoni." Tukaizungusha. Kweli, mgongo haukuwa umemalizika. Sisi wenye macho tulikuwa nayo miezi minne.

Baada ya Mzee Ngulangwa nikajiona nimehitimu. Wageni wenye magongo niliwapandisha kwa kuwashika kwapani. Wazee niliwabeba mgongoni. Nilikuwa na nguvu, nimezoea magunia, na watu walinishukuru. Sikumbuki hata mmoja niliyemuuliza kwanza anataka kupandaje.

Sasa lile kosa.

Katika kazi zilizokusanywa kwa ajili ya maonyesho yetu ya kwanza makubwa kulikuwa na mkeka mmoja kutoka Salale, kule kwenye mikoko ya delta, mpana kama chumba, wa ukindu uliotiwa rangi nyeusi, hudhurungi na kijani. Haukuwa na miraba wala maua ya mikeka ya kawaida. Ulikuwa na michirizi iliyogawanyika na kugawanyika tena. Mtu wetu aliyezunguka vijijini kununua kazi aliuleta umekunjwa, akasema msukaji ni mwanamke anaitwa Mwajuma. Zaidi ya hapo hakutuambia kitu, nasi hatukumuuliza. Bi. Kidawa aliutundika ukuta wa kati, mahali pa heshima.

Siku ya ufunguzi, mgeni rasmi akitarajiwa saa nne, lori moja la kutoka Nyamisati lilisimama mbele ya jumba. Akashuka mwanamume mmoja, akamteremsha dada yake. Yule mwanamke alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, amevaa khanga safi, miguu yake imenyauka tangu utotoni kwa ugonjwa wa kupooza. Alitembea kwa mikono, kila kiganja kimevaa kandambili. Alivuka uwanja mpaka chini ya ngazi, akazitazama.

"Mimi Mwajuma," akasema. "Nimekuja kuuona mkeka wangu ulivyowekwa."

Nilifurahi kwelikweli. Nikamkaribisha, nikamwambia tutampandisha sasa hivi.

"Nitapanda mwenyewe. Nakaa ngazini kinyumenyume, najiinua moja moja. Nipe muda tu."

Wakati huohuo tukasikia honi barabarani. Msafara wa mgeni rasmi ulikuwa umefika mapema, jambo ambalo sikuliona tena katika miaka yote ya kazi yangu. Bi. Kidawa akatokea mlangoni juu, akanionyesha ngazi kwa kidole: ziwe wazi. Bi. Mwajuma alikuwa amekwishajigeuza, amekaa ngazi ya kwanza, mikono ngazi ya pili.

"Dada, tukubebe, dakika moja tu."

"Usiniguse. Nimesema nitapanda."

Alisema kwa sauti ambayo kila aliyekuwa pale aliisikia. Niliisikia na mimi. Mtaona baadaye kwa nini naliandika hili wazi.

Viti vya plastiki ndio kwanza vilikuwa vimeingia Kibiti, na sisi tulikuwa na kumi na viwili vyeupe kwa ajili ya wageni. Nilimwinua nikamkalisha kwenye kimoja, mlinzi mwenzangu akashika mbele, mimi nyuma, tukapanda. Alikuwa akisema, "Niteremsheni, niteremsheni," na kaka yake, Hamisi, alikuwa akija mbio kutoka upande wa lori. Ngazi ya nne mguu wa kiti uligonga kingo ukapinda kama mkate. Mwenzangu aliachia. Mimi sikuachia, lakini gunia halijikazi likianguka, na mtu hujikaza. Aliangukia upande wa kulia, mkono umetangulia. Nilisikia mfupa.

Hakupiga kelele. Alikaa mchangani, ameukumbatia mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akanitazama. Hamisi alinikwida kola, wakamtoa kwangu watu watatu. Milango ya magari ya msafara ilikuwa inafunguliwa.

Bi. Mwajuma alipelekwa kituo cha afya kwa lori lilelile lililomleta, akafungwa plasta toka kiganjani mpaka juu ya kiwiko. Maonyesho yakafunguliwa. Mgeni rasmi alisimama mbele ya mkeka akausifia, na mimi nilisimama nyuma yake kama nilivyofundishwa.

Siku ya tatu Bi. Kidawa aliniita ofisini. Mezani palikuwa na karatasi iliyopigwa taipu. Ilisema mgeni aliomba kubebwa, na kwamba alijitikisa kitini kinyume cha maelekezo ya wafanyakazi.

"Wafadhili wakisikia vingine watafunga," akasema. Hakuwa akinitazama. "Wachoraji thelathini hawatakuwa na pa kutundika kazi. Na wewe umeona wenzako wa ushirika walivyoishia."

"Hakuomba, Bi. Kidawa."

"Najua."

Alinisukumia kalamu. Nyumbani nilikuwa na wanangu wanne na mama mzazi. Nilitia saini. Sikulazimishwa kwa bunduki. Nilitia kwa kalamu ya bluu, herufi nzuri, kwa kuwa stoo ilinizoesha kuandika vizuri.

Wiki mbili nilizopitisha baada ya hapo sitaziandika sana. Nilieleza picha kwa wageni, kushoto kwenda kulia. Kila aliyekuja na gongo nilimkwepa, nikajifanya nina kazi nyuma. Mke wangu akaniuliza kama nimerogwa. Mwisho niliomba ruhusa ya siku tatu, nikapanda lori la Nyamisati, na kutoka pale nikaingia mashua ya watu wa Salale.

Ndani ya mashua walinijua. Habari katika delta hutangulia abiria. Hakuna aliyenitukana, na hakuna aliyenisemesha. Mama mmoja alihamisha kapu lake la kamba wabichi lisigusane na mguu wangu. Tulikata katikati ya mikoko, mkondo mmoja ukitupeleka kwenye mwingine, na mimi nilikuwa nikihesabu namna ya kurudi endapo wangeniacha.

Tulifika maji yamekupwa. Mashua ilisimama mbali na ukingo, wenyeji wakashuka wakatembea juu ya tope wakijua pa kukanyaga. Mimi nikashuka, hatua ya tatu nikazama mpaka mapajani. Nikajaribu kutoa mguu mmoja, mwingine ukazidi kuzama. Nilipoinua macho nikamwona Hamisi ukingoni, ana panga mkononi, alikuwa akichonga nguzo. Alikuja mpaka pale tope linapoanza, akachuchumaa.

"Bwana Stoo," akasema. "Unataka kubebwa?"

Tope lilikuwa baridi, na kaa wadogo walikuwa wakitoka mashimoni pembeni yangu bila haraka.

"Hapana," nikasema. "Nitatoka mwenyewe."

"Haya. Sisi tutangoja."

Alilaza panga magotini, akangoja. Ilinichukua muda ambao sijui kuupima. Nililala kifudifudi nikajivuta kwa viwiko, viatu vikabaki huko huko chini. Nilipofika ukingoni Hamisi alisimama, akanionyesha mtungi wa maji ya kunawa, akatangulia njia.

Bi. Mwajuma alikuwa amekaa barazani. Plasta ilikuwa imechafuka. Mbele yake palikuwa na ukindu uliochanwa, umekauka, haujasukwa. Nilimsalimia, akaitikia, kwa kuwa salamu haikataliwi.

"Umekuja na nini?" akaniuliza.

"Nimekuja na mdomo tu."

"Sema."

Nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza fundi kilichoharibika, "Mkono huu ni mguu wangu. Ndio pia mkono wangu. Sasa naenda chooni mgongoni mwa wifi yangu. Anaamka na watoto, ananiamsha mimi, ananibeba. Wewe umepata kubebwa kwenda chooni?"

Nikaona kama nisipolitoa lile jingine sitalitoa tena, nikamwambia habari ya karatasi. Hamisi, aliyekuwa ameegemea nguzo, aliingia ndani ghafla na kutoka tena. Nilifikiri amefuata panga. Alikuwa amefuata maji ya kunywa.

"Imeandikwa niliomba kubebwa?" Bi. Mwajuma akauliza.

"Ndiyo."

"Na wewe ukaandika jina lako chini."

"Ndiyo, dada."

Akaokota ukindu mmoja kwa mkono wa kushoto, akaurudisha chini. Upande wa mikoko maji yalikuwa yameanza kujaa.

"Basi kafute," akasema. "Mkono ukiunga nitakuja. Sijauona mkeka wangu. Nitapanda mwenyewe, kama nilivyosema mara ya kwanza. Mtajua ninyi nitapandia wapi."

Hakusema amenisamehe. Siku zote tulizojuana baadaye hakulisema, na mimi sikumwomba tena.

Kamati ya jumba ilikutana mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimeitwa kupanga viti, basi nilipokwisha kuvipanga sikutoka. Mwenyekiti akaniuliza ninataka nini. Nikamwambia kuna maelezo yaliyo kwenye faili, ya ajali, ni ya uongo, na saini ni yangu.

"Unajua unachosema, Saidi?" mwenyekiti akauliza. "Watu wanapunguzwa kazi nchi nzima, wewe unajipunguza mwenyewe?"

"Yule mwanamke alisema tusimguse. Tulimgusa. Ndiyo yote."

Nikasikia kiti kikisogea. Bi. Kidawa alikuwa amesimama, miwani mkononi. "Maneno ya karatasi ile ni yangu," akasema. "Yeye alitia saini tu."

Walinisimamisha kazi miezi miwili. Bi. Kidawa walimpa barua kali. Wafadhili walioogopwa kiasi kile waliandika kuuliza jambo moja: mtafanya nini na mlango? Kumbe swali lilikuwa rahisi hivyo.

Siku ya nne ya kusimamishwa kwangu Bi. Kidawa alikuja nyumbani. Alikataa kiti, akakataa chai.

"Umenivua nguo mbele ya watu," akasema.

"Nisamehe, mwalimu."

"Sikuja kwa hilo. Umesimamishwa kulinda picha. Hujasimamishwa kuchanganya zege. Kesho njoo na jembe."

Sasa nawaandikia kwa ajili ya kazi, sikilizeni vizuri, kwa kuwa mteremko ule wa zege tuliojenga wa kupandia mlangoni utahitaji kukarabatiwa na ninyi ndio mtakaoukarabati. Nilimtafuta Fundi Mpili, na wa kwanza tuliujenga kwa macho ya mpagazi: mfupi, mkali, toka mlangoni moja kwa moja hadi uwanjani. Tuliazima baiskeli ya magurudumu matatu, ya kuendeshwa kwa mikono, ya fundi viatu wa sokoni, nikakaa mimi kuijaribu. Nilifika nusu, mikono ikaishiwa, nikarudi kinyumenyume mpaka kwenye pipa la maji. Fundi viatu alicheka, kisha akakagua baiskeli yake, kisha akatuambia tuubomoe.

Kijitabu cha ujenzi cha Bi. Kidawa kilisema kwa kila kipimo kimoja cha kwenda juu, ziwe vipimo kumi na viwili vya kwenda mbele. Uwanja haukuwa na urefu huo, kwa hiyo tukaufanya upande, ukafika mahali pa bapa pa kupumzikia, ukageuka, ukapanda tena. Pale pa bapa msipaguse kamwe. Mtu atawaambia ni kupoteza saruji. Mwambieni apande kwa mikono kwanza.

Mimi nilipanda kwa mikono. Tulipopiga saruji laini, niliona itateleza ikinyesha. Tulipoikwangua kwa ufagio wa njiti, ikawa ya kukwaruza mno kwa kiganja. Basi nilivaa kandambili mikononi, nikaburuta miguu, nikapanda na kushuka mchana kweupe, watu wa stendi wakitazama. Wengine walisema Bwana Stoo amechanganyikiwa tangu asimamishwe. Tuliipiga sakafu ile mara tatu. Vishikio tuliweka viwili, cha juu kwa aliyesimama, cha chini kwa anayekwenda chini, vya mikoko iliyokatwa kwa kibali, na ncha zote nikazisugua kwa msasa mwenyewe.

Zilibaki ngazi sita. Fundi Mpili alitaka ziachwe kwa wenye haraka.

"Zibomolewe," Bi. Kidawa akasema. "Tukiziacha, mteremko utakuwa wa mbuzi. Wote wapite njia moja."

Nilirudishwa kazini. Mwezi wa saba baada ya ajali, Hamisi alipita sokoni akauliza wakubwa wanakuja lini tena jumbani. Nikamtajia siku ya maonyesho mapya, sikuelewa kwa nini anauliza. Siku hiyo, saa nne kasoro, lori la Nyamisati likasimama mbele ya jumba, na nyuma yake, kwa umbali wa kutupa jiwe, magari ya mwenyekiti na wageni wake wa Dar es Salaam. Ndipo nikaelewa. Dada yake alikuwa ameichagua siku hiyo.

Bi. Mwajuma alishuka. Mkono wa kulia ulikuwa umeunga umepinda kidogo kifundoni. Akavaa kandambili zake, akavuka uwanja. Alinipita bila kunitazama, akaanza kupanda.

Niliweka mikono yangu nyuma ya mgongo, nikaifunga mmoja kwa mwingine. Alipanda taratibu, akiegemea zaidi wa kushoto. Karibu na kona akasimama. Nilimwona akiuma mdomo. Kiganja cha kulia alikiinua, akakishusha, akakiinua tena. Wageni walikuwa wamefika chini ya mteremko, wamesimama kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Kijana mmoja mwenye tai akaruka mbele kumsaidia. Nikamzuia kwa kifua.

"Mzee, huoni anaumia?"

"Naona."

"Sasa?"

"Hajatuita."

Kama angeanguka pale, ingekuwa mbele ya kamati nzima, juu ya saruji niliyoimwaga mwenyewe, na mimi nimemzuia mtu asimdake. Hamisi alikuwa upande wa pili, amekamata kishikio kwa mikono yote miwili. Bi. Mwajuma alijivuta mpaka pale pa bapa, akakaa, akaupumzisha mkono pajani. Akatazama barabara, akatazama soko, kama mtu aliyefika kibarazani kwake. Kisha akageuka, akapanda sehemu ya pili bila kusimama, akavuka kizingiti.

Niliingia nyuma yake, nikabaki hatua tatu nyuma. Alikwenda moja kwa moja ukuta wa kati. Akautazama mkeka muda mrefu, shingo ameikunja nyuma.

"Nani kautundika hivi?"

"Sisi."

"Mmeugeuza. Hii ndiyo mito yetu. Juu ilipasa uwe mto mmoja unaotoka bara, hapa unagawanyika, hapa Salale, hapa Maparoni, na chini ilipasa iwe bahari. Ninyi bahari mmeipeleka juu. Mlikuwa mkiwaambia nini watu?"

Nilitamani sakafu ipasuke. "Tuliwaambia ni mti, dada. Haya ndiyo matawi."

"Mti!" akasema. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa akicheka, anajifuta macho kwa nyuma ya kiganja kilichovaa kandambili. "Miezi saba yote. Mti!"

Nilileta ngazi ya kupandia, mimi na Hamisi tukautungua, tukaugeuza. Akatuambia tuushushe zaidi, zaidi, mpaka bahari ikakaribia kugusa sakafu, usawa wa macho yake. Akausogelea. Akagusa kwa kidole mahali fulani kwenye michirizi, akakiacha kidole hapo.

"Hapo ni wapi?" nikauliza.

"Kwetu," akasema. Kisha, bila kugeuka: "Niacheni nao kidogo."

Tulitoka. Nikafunga mlango, nikasimama mbele yake. Mwenyekiti alikuwa amefika juu na wageni wake, wamejipanga kwenye mteremko mpaka chini.

"Kuna nini tena? Tunangoja nini?"

"Tunamngoja Bi. Mwajuma."

Akatazama saa yake. "Atakaa muda gani?"

"Sijui, mzee."

Akanitazama, akautazama mlango. Bi. Kidawa, aliyekuwa katikati ya wageni, alikwenda pale pa bapa, akakaa chini, akavua viatu vyake vya kiume, akanyoosha miguu. Yule kijana wa tai akakaa kando yake. Mmoja baada ya mwingine, wageni nao wakatafuta pa kukaa.